Sheria za jimbo na mtambo wa umeme wa kuni wa Berlin, New Hampshire: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Burgess BioPower, mtambo mkubwa kuliko yote ya kuni katika jimbo la New Hampshire, Marekani, na miswada iliyopita au kukwama kwa ajili yake tangu mwaka 2018. Mitambo midogo ya jimbo hilo na hatua za majimbo jirani imeguswa pale inapohusika, kwa sababu watu wengi huichanganya.

Mtambo huu uko wapi na ni wa aina gani?

Uko mjini Berlin, kaskazini mwa New Hampshire, kando ya mto Androscoggin, mahali palipokuwa na kiwanda cha malighafi ya karatasi kilichofungwa mwaka 2006. Uwezo wake ni megawati 75. Boila lake halikujengwa upya: ni lile lile lililokuwa likichoma maji meusi yanayobaki baada ya kupika miti ya karatasi, likageuzwa ili lichome vibanzi vya miti juu ya kitanda cha mchanga wa moto unaorushwarushwa kwa hewa kutoka chini. Umeme ulianza kuuzwa kati ya mwisho wa 2013 na mwaka 2014.

Unachoma miti gani? Magogo ya mbao?

Hapana. Gogo zuri la mbao likiingia kwenye boila, mwenye shamba la miti amepata hasara, kwa sababu kwa mpasuaji mbao lina thamani mara nyingi zaidi. Kinacholetwa ni miti iliyopinda, iliyooza katikati, matawi, vilele na ile midogo inayokatwa ili mingine ipate nafasi. Yote husagwa msituni kuwa vibanzi na kubebwa na trela. Mahitaji ya mwaka ni kama tani 750,000 hadi 800,000 (tani ya Marekani, yaani kilo 907). Trela moja hubeba takriban tani 30. Piga hesabu na utapata trela 25,000 au zaidi kwa mwaka, kama sabini kila siku, Jumapili zikiwemo. Mtamboni, trela zima huinuliwa kwenye jukwaa la haidroliki hadi lisimame karibu wima, na vibanzi humwagika vyenyewe.

Usumbufu mwingi wa siku kwa siku unaanzia hapo. Vibanzi vya majira ya baridi huja na barafu, na vikigandamana huziba vipitishio. Gari lililokokota miti kwenye matope huleta mchanga na mawe, na mchanga wa msituni una madini yanayoyeyuka mapema na kugandisha kitanda cha boila mabonge mabonge. Bonge likishakuwa kubwa, hewa haipiti sawasawa, sehemu nyingine inachoma kupita kiasi na sehemu nyingine inapoa, na mwisho mtambo unazimwa ili mafundi waingie kuvunja. Siku hizo za kuzima hazina mapato.

Kwa nini umeme wake ni ghali, na kuni zinapatikana jirani?

Kibanzi kibichi kinapofika, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo lazima yachemshwe yatoke kabla joto halijafanya kazi yoyote ya maana. Baada ya hapo mtambo wa mvuke wa aina hii hugeuza takriban robo tu ya nishati ya kuni kuwa umeme. Kwa hiyo kila megawati-saa moja inakula karibu tani moja na nusu ya vibanzi. Kibanzi kikiuzwa dola 30 kwa tani, umeshatumia zaidi ya dola 40 kwa megawati-saa, na hujalipa mishahara, matengenezo, kodi wala deni la benki.

Sasa linganisha na soko. Katika majimbo ya New England, yaani yale ya kaskazini-mashariki mwa Marekani likiwemo New Hampshire, bei ya jumla ya umeme huamuliwa mara nyingi na mitambo ya gesi asilia. Gesi ilipokuwa rahisi, wastani wa mwaka 2016 ulikuwa chini ya dola 30 kwa megawati-saa, na mwaka 2020 ulishuka hadi karibu dola 23. Hakuna msimamizi hodari wa kutosha kuziba pengo hilo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha gesi na wastani ukavuka dola 80, lakini haikudumu.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya huuliza mbona viwanda vya sukari vinachoma masazo ya miwa bila kelele hizi. Jibu ni kwamba masazo yale tayari yako kiwandani, muwa ulishalipiwa na sukari, na mvuke unatumika pia kupikia. Berlin kila kilo ya kuni inanunuliwa, inasagwa na kusafirishwa ili kuzalisha umeme peke yake.

Basi uliendeshwa vipi muda wote huo?

Kwa mkataba wa kuuziana umeme wa miaka 20 na kampuni ya usambazaji, Public Service of New Hampshire, ambayo sasa inajiita Eversource. Tume ya Huduma za Umma ya jimbo (PUC) iliuidhinisha mwaka 2011. Kampuni ilikubali kununua nishati, uwezo wa kuzalisha na vyeti vya nishati jadidifu (hati zinazouzwa zikithibitisha kwamba umeme umetoka kwenye chanzo jadidifu). Bei ya nishati haikufuata soko. Ilifuata bei ya kuni: kuni zikipanda, malipo yanapanda, zikishuka yanashuka. Kwa mwekezaji huo ni ulinzi mzuri sana. Kwa mlipa bili, maana yake ni kwamba hatari ya gesi kushuka bei imehamia kwake.

Hicho kikomo cha dola milioni 100 ni kitu gani?

Hili ndilo swali lenyewe, na miswada yote ya Burgess haisomeki bila jibu lake.

PUC haikutaka wateja wabebe mzigo usio na mwisho. Ikaamuru kuwe na daftari. Kila mwezi bei ya mkataba inalinganishwa na bei ya soko. Mkataba ukiwa juu, tofauti inaandikwa upande wa deni la mtambo kwa wateja. Soko likiwa juu, deni linapungua. Wazo la awali lilikuwa kwamba mwisho wa miaka 20 kampuni ya umeme ingekuwa na haki ya kuununua mtambo, na kiasi kilichoandikwa daftarini kingekatwa kwenye bei ya kununulia. Lakini daftari lisivuke dola milioni 100. Likivuka, ziada ya mwaka inakatwa kwenye malipo ya nishati ya mwaka unaofuata.

Tuchukue tarakimu za mfano, si za daftari halisi. Mtambo unazalisha megawati-saa 500,000 kwa mwaka. Mkataba unalipa dola 75, soko ni dola 30. Tofauti ya dola 45 mara 500,000 ni dola milioni 22.5 kwa mwaka, na kikomo kinafikiwa ndani ya miaka mitano. Kuanzia hapo mtambo kwa hakika unalipwa bei ya soko, kwa sababu kinachozidi leo kinakatwa kesho. Kwa bei ya soko, tumeshaona, hata kuni hazilipiki.

Waliotia saini mwaka 2011 walitazama makadirio ya bei ya gesi ya wakati ule na kuamini kikomo kingekuwa mbali. Gesi ya miamba ya Pennsylvania ikawaumbua.

SB 577 ya mwaka 2018 ilifanya nini hasa?

(SB ni muswada ulioanzia Seneti ya jimbo; HB ni ulioanzia Baraza la Wawakilishi.) Ilielekeza PUC irekebishe agizo lake ili kikomo kisitumike kwa miaka 3. Gavana Chris Sununu aliisaini Juni 2018. Haikuongeza bei ya mkataba, haikutoa hundi, haikufuta deni. Daftari liliendelea kuandikwa, ila makato yakasubiri.

Kwa maoni yetu hapo ndipo udhaifu ulipo. Kusimamisha kikomo bila kubadilisha bei, mafuta au matumizi ya joto ni kuahirisha tarehe huku kiasi kikikua. Wabunge wengi walijua hivyo, wakatumaini bei ya gesi ingepanda ndani ya miaka hiyo 3. Kwa sehemu kubwa ya muda huo ilishuka.

Je, hiyo ndiyo SB 365 niliyosikia kuwa gavana aliikataa?

Hapana, na kosa hili hata magazeti hulifanya. SB 365 ilihusu mitambo midogo 6 ya zamani ya kuni na mmoja wa kuchoma taka. Iliwataka wasambazaji wawape wenye mitambo ofa ya kununua umeme wao kwa asilimia 80 ya bei ya kawaida ya nishati kwa wateja, kwa miaka 3. Sununu aliikataa, kwa hoja ya gharama kwa wateja. Septemba 2018 Bunge likambatilisha: Seneti 21 kwa 3, na Baraza la Wawakilishi 226 kwa 113. Gawanya mwenyewe: ni theluthi mbili kamili, kiwango kinachotakiwa ili kumbatilisha gavana. Mjumbe mmoja angebadili kura, muswada ungekufa.

Ushindi huo haukugeuka pesa. Chama cha walipa bili, New England Ratepayers Association, kilipeleka hoja kwa FERC, tume ya shirikisho ya nishati, kikisema jimbo limejipangia bei ya umeme wa jumla, jambo ambalo sheria ya Marekani imeliacha kwa serikali ya shirikisho. Wasambazaji hawakuwa na haraka ya kusaini mikataba wakati shauri hilo liko juu yao. Mwaka 2019 Bunge likajaribu njia nyingine, HB 183, gavana akaikataa tena, na safari hii kura za kumbatilisha hazikutosha. Mitambo kadhaa ikazima.

Kwa hiyo ukisoma kwamba “sheria ya kuni ilipita New Hampshire”, uliza kwanza namba ya muswada.

Nani alilipa tofauti ya bei? Hazina ya jimbo?

Wateja wa Eversource. Wakati wa mkataba, gharama iliyozidi soko ilikusanywa kupitia tozo ya gharama zilizokwama, mstari mmoja kwenye bili, ambao kila aliyetumia nyaya za kampuni hiyo aliulipa hata kama nishati yenyewe aliinunua kwa muuzaji mwingine. Hukuweza kuikwepa kwa kuhama muuzaji.

Kwa kipimo cha nyumbani: tuseme mwaka fulani tofauti ni dola milioni 30 na kampuni inasambaza kilowati-saa bilioni 7.5. Hiyo ni senti 0.4 kwa kilowati-saa. Nyumba inayotumia kilowati-saa 600 kwa mwezi inachangia dola 2.40. Kiwanda kinachotumia milioni moja kwa mwezi kinachangia dola 4,000. Sasa unaelewa kwa nini wenye viwanda ndio walipiga kelele zaidi kwenye vikao kuliko wenye nyumba.

Wateja wa kampuni nyingine za jimbo hilohilo hawakuchangia, ingawa misitu ya kwao huenda ilinufaika.

Kuna jimbo lililolipa kwa kodi badala ya bili?

Maine, mwaka 2016. Sheria ya LD 1676 ilitenga dola milioni 13.4 za fedha za jimbo kununua umeme wa hadi megawati 80 kutoka mitambo ya kuni iliyokuwa hatarini, kwa mikataba ya miaka 2. Malipo yalifungwa kwenye ahadi za ajira na ununuzi wa kuni ndani ya jimbo. Ukipungukiwa, unalipwa pungufu. Faida yake ni uwazi, maana fedha zinaonekana kwenye bajeti na zina mwisho. Kasoro yake ni kwamba miaka 2 haimtoshi mvunaji aliyekopa mashine ya kusaga ya mamia ya maelfu ya dola, wala haimshawishi mwenye mtambo kufanya ukarabati wa maana.

Kwa nini wabunge wa vyama vyote viwili huunga mkono mtambo unaopata hasara?

Kwa sababu ya msitu. Sehemu kubwa ya New Hampshire ni misitu, na mingi ni ya watu binafsi. Mvunaji akiingia shambani, gogo la mbao ni sehemu tu ya anachokata. Kilichobaki kikikosa mnunuzi, ama anakiacha kioze na kumlipa mwenye shamba kidogo, ama hafanyi kazi hiyo kabisa. Wapasuaji mbao nao wana mabanzi, magome na maranda ya kuondoa kila siku; yasipochukuliwa uwanja unajaa na msumeno unasimama.

Zamani karatasi ndiyo iliyomeza miti hafifu. Viwanda vya karatasi vimepungua. Kile cha Jay, Maine, kililipukiwa na mtungi wa kupikia Aprili 2020 na kikafungwa mwaka 2023. Kila kimoja kikiondoka, Burgess unakuwa mnunuzi muhimu zaidi kwa wavunaji wa kaskazini. Wafanyakazi ndani ya geti ni wachache. Kazi nyingi ziko kwenye malori na msituni.

Hoja hii ina uzito. Lakini ni hoja ya misitu na ajira, na ilipaswa kujadiliwa hivyo tangu mwanzo badala ya kufichwa ndani ya bei ya umeme.

HB 142 ilikuwa nini?

Jaribio la mwaka 2023 la kuuepusha tena mtambo na makato, yaliyokuwa yamefika makumi ya mamilioni ya dola juu ya kikomo. Lilipita mabaraza yote mawili, Sununu akalikataa, na Bunge halikufikisha theluthi mbili za kumbatilisha.

Rudi kwenye tarakimu zetu za mfano. Megawati-saa 500,000 kwa dola 75 ni mapato ya nishati ya dola milioni 37.5 kwa mwaka. Ziada ya kukatwa ikiwa milioni 50, mtambo ungefanya kazi zaidi ya mwaka mzima bila kupokea senti ya nishati, huku wenye malori wakitaka malipo yao. Februari 2024 Burgess ukaomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi huko Delaware.

Kufilisika si ndiyo kufungwa?

Si katika aina hii. Sura ya 11 ya sheria ya mufilisi ya Marekani inaruhusu kampuni iendelee kufanya kazi huku madeni yakipangwa upya, na pia kuachana na mikataba inayoiumiza. Mtambo uliendelea kupokea kuni. Kufikia mwisho wa 2024 ulitoka mahakamani ukiwa chini ya wakopeshaji wake, bila mzigo uleule wa deni na bila mkataba wa Eversource. Kwa wateja hilo lina pande mbili: hawalipi tena bei ya juu ya soko, na matumaini ya kurejeshewa kilichoandikwa daftarini kupitia haki ya kununua mtambo yamekwisha.

Joto linalopotea halitumiki?

Kwa miaka mingi halikutumika, na hapo kuna kitu cha kufanya. Mwaka 2021 mji wa Berlin ulipata ruzuku ya shirikisho ya dola milioni 19.5 kwa mradi wa mabomba ya maji moto chini ya barabara za katikati ya mji ili kuyeyusha theluji kwa joto la mtambo. Kiasi cha joto hilo ni kidogo ukilinganisha na kinachopotea, lakini mradi uliufunga mji kwenye hatima ya mtambo kwa njia nyingine: ukizimwa, mabomba yamelala bure.

Na suala la hewa ukaa?

Lina utata wa kweli, na miswada ya New Hampshire haikulitatua. Mti hafifu ukiachwa msituni nao utaoza na kutoa kaboni, ila polepole zaidi kuliko kwenye boila. Majimbo jirani yanaona tofauti: Connecticut ilipitisha sheria mwaka 2013 iliyofungua njia ya kupunguza thamani ya vyeti vya umeme wa kuni, na mitambo ya New Hampshire iliyokuwa ikiuza vyeti huko ikapoteza mapato bila jimbo lake kuwa na sauti.

Majimbo mengine yameandika sheria bora zaidi?

Vermont inawataka wasambazaji wote wa jimbo wagawane umeme wa mtambo wa Ryegate, megawati 20, kwa bei inayopangwa na tume. Ilipoongeza muda mwaka 2022 iliweka sharti la kuboresha ufanisi, yaani msaada na matengenezo vikaenda pamoja. California, kwa SB 859 ya 2016, iliwataka wasambazaji wakubwa wanunue megawati 125 kutoka mitambo inayochoma miti iliyokufa kwenye maeneo ya hatari ya moto, na SB 901 ya 2018 ikafungua njia ya kurefusha mikataba kwa miaka 5. Pale mlipa bili ananunua kitu kinachotajika: mlima wenye kuni kavu chache zaidi. Sisi tungeanza na mfano wa Vermont.

Nikisoma muswada wa aina hii nianzie wapi?

Anza mwishoni, kwenye tarehe ya ukomo. Kisha tafuta bei inafuata nini: kuni, soko, au bei ya rejareja. Bei ikifuata bei ya rejareja, kama SB 365, angalia kama swali la mamlaka ya shirikisho limejibiwa, la sivyo mtapoteza miaka mahakamani. Tafuta neno “kikomo” na uulize ziada inakwenda wapi: inafutwa, inaahirishwa, au inalipwa na nani. Angalia kama tozo inawapata wateja wote au wa kampuni moja. Soma maelezo ya gharama yanayoambatana na muswada, lakini kumbuka mara nyingi hueleza athari kwa hazina ya jimbo tu. Athari kwa bili huandikwa kuwa haikadiriki, na wabunge hupiga kura kana kwamba ni sifuri.

Nyaraka zinapatikana wapi?

Mkataba wa 2011 na agizo la kikomo viko kwenye jalada DE 10-195 la PUC ya New Hampshire, wazi kwa yeyote kupitia tovuti ya tume. Sehemu nyingine za mkataba zimefichwa kwa wino mweusi kwa sababu za biashara. Miswada hutafutwa kwa namba na mwaka kwenye tovuti ya Bunge la jimbo, na ni lazima uweke mwaka, kwa sababu namba zinarudiwa kila kikao na HB 142 ya mwaka mwingine inaweza kuwa inahusu leseni za mbwa.